Sura ya Saba: Tawi Getini

Tarehe 17 Agosti 1784, Kaisari Joseph wa Pili, akitawala kutoka Vienna, alitoa waraka ulioruhusu kila mtu kuuza chakula, mvinyo na maji ya matunda aliyoyazalisha mwenyewe, msimu wowote, kwa bei na namna aitakayo. Chimbuko lake, kama linavyosimuliwa Austria hadi leo, ni malalamiko ya watu wa Görz, kusini mwa himaya, mahali ambapo siku hizi Italia na Slovenia zinapakana. Bwana mmoja mwenye ardhi huko alikuwa akiwashurutisha wenye vilabu wauze mvinyo wake yeye tu. Waliopeleka shauri walitaka kuondolewa kero ya kwao; majibu waliyoletewa yakawafaa wakulima wengi wasiowahi kuisikia Görz. Zaidi ya miaka 240 imepita, na msafiri anayeteremka tramu namba 31 kule Stammersdorf, pembezoni mwa Vienna, bado anakunywa kwa idhini ya waraka ule.

Naanza na sheria kwa makusudi. Wasafiri wengi wakifika mji wa mvinyo huuliza kwanza upi ni mzuri, wa mwaka gani, wa zabibu zipi. Mimi naona swali lenye faida zaidi ni jingine: hapa nani ana ruhusa ya kuuza, na anauza mvinyo wa nani? Jibu lake ndilo linaloamua ukubwa wa glasi, aina ya chakula, siku za kufungua, hata kama utakaa peke yako au mtabanana benchi moja na familia usiyoijua. Ukishalipata, orodha ndefu ya majina ya Kifaransa haikutishi tena. Katika nyumba nilizozipenda zaidi orodha yenyewe haipo, au inaenea kwenye kibao kimoja cha chaki.

Vienna ni shule nzuri ya jambo hili, kwa sababu ni nadra mji mkuu kuwa na mashamba ya mizabibu ya biashara ndani ya mipaka yake. Vienna inayo, karibu hekta 600, na si bustani za mapambo. Watu wanakula kutokana nayo. Mashamba yanapanda kilima cha Nussberg juu ya mto Danube, yanazunguka Grinzing na Neustift, kisha yanavuka mto hadi miteremko ya Bisamberg. Mkulima anayeuza nyumbani kwake hutundika tawi la msonobari juu ya geti, pengine na taa kando yake, na mara nyingi kibao kilichoandikwa Ausg'steckt, kwamba tawi liko nje. Tawi likiwepo, ingia. Tawi likiondolewa, hata ukisikia vicheko uani, hao ni wageni wa familia na wewe humo. Aliyewahi kupita vijiji vya Ethiopia akaona kopo limefunikwa juu ya kijiti nje ya nyumba inayouza tella, pombe ya kienyeji, hahitaji kuelezwa zaidi.

Nyumba ya namna hii huitwa Heuriger, jina lilelile la mvinyo mpya unaouzwa humo. Kwa desturi mvinyo wa mavuno ya karibuni hukaa na jina hilo hadi Sikukuu ya Mtakatifu Martin, 11 Novemba ya mwaka unaofuata. Hapo huhesabiwa mzee na kumpisha mdogo wake. Tatizo ni kwamba jina limependwa mno. Siku hizi linatumiwa pia na mikahawa mikubwa yenye leseni ya kawaida, jiko la moto na bia ya bomba. Neno la kulitafuta kibaoni ni Buschenschank. Hilo lina mwenyewe kisheria: nyumba inauza mvinyo wa mashamba yake tu, chakula chake kwa kawaida ni cha baridi, na siku za kufungua zina ukomo. Wenye nyumba hupokezana, huyu akifungua wiki hizi, yule zile, na kalenda za nani yuko wazi huchapishwa ili watu wasihangaike. Ukimkuta amefunga usinune. Mtu yuleyule anayekuhudumia ndiye anayepogoa, anayevuna na anayeosha mapipa, na kazi hizo hazina likizo. Nyumba iliyo wazi kila siku ya Mungu, yenye kijana mlangoni anayekukaribisha kwa lugha nne, ni biashara halali. Ila si hiyo niliyokuja kuisimulia.

Ukishakaa, kinywaji huletwa mezani, na chakula unakifuata mwenyewe kaunta, mara nyingi ukikilipia hukohuko. Meza ni ndefu na hakuna anayetarajia kuwa na yake. Uliza kwa heshima kama pana nafasi, keti, salimia. Vipimo ni viwili: Achtel, yaani moja ya nane ya lita, na Viertel, robo lita, ambayo nyumba za kizamani huileta ndani ya kikombe kizito cha kioo chenye mkono. Robo hiyo inadanganya, kwa kuwa mvinyo mweupe wa huko ni mwepesi mdomoni na kikombe hakina madaha yoyote. Mimi huanza na Achtel. Wakati wa joto wenyeji huchanganya mvinyo na maji ya soda nusu kwa nusu na kuuita G'spritzter, na mkulima mwenyewe hunywa hivyo. Aliyefundishwa kwamba kuutia mvinyo maji ni kuukosea adabu atapata kazi kidogo hapa.

Cha kuagiza, angalau kwa glasi ya kwanza, ni Gemischter Satz. Huu si mvinyo uliochanganywa kiwandani. Mizabibu ya aina mbalimbali imepandwa pamoja katika shamba moja, ikavunwa pamoja na kukamuliwa pamoja. Kanuni za mwaka 2013, zilizoliwekea jina la Wiener Gemischter Satz ulinzi wa kisheria, zinataka angalau aina tatu za zabibu nyeupe, pasiwe na inayozidi asilimia 50, na ile ya tatu kwa wingi isipungue asilimia 10. Yapo mashamba ya zamani yenye aina nyingi zaidi ya hizo. Wazee hawakupanda hivyo kwa kutafuta ladha. Walikuwa wakijikinga, kama mkulima wetu anayechanganya mahindi, kunde na maboga: aina moja inachanua mapema na kuchomwa na baridi ya masika, nyingine inachelewa na kunusurika, moja ina ukali, nyingine sukari. Kwa miaka mingi mvinyo huu ulidharauliwa, ukaonekana kinywaji cha kujaza vikombe tu, hadi wakulima kama Fritz Wieninger wa Stammersdorf walipoanza kuupunguzia mavuno, kuutunza na kuuweka kwenye chupa zenye jina la shamba. Sasa unauzwa hata kwenye mikahawa ya gharama. Bado naona unanoga zaidi kwenye benchi, na sababu si mahaba ya mandhari. Mvinyo huu ulitengenezwa kwa ajili ya chakula chenye chumvi na mafuta kinachopangwa pale kaunta, na ukali wake kidogo, ambao kwenye meza ya kitambaa cheupe unaweza kuonekana kasoro, pale una kazi ya kufanya.

Chakula chenyewe: mkate mweusi, matango ya siki, jibini laini iliyopondwa na paprika wanayoiita Liptauer, mayai, na nguruwe wa kila namna, wa kuoka, wa soseji, wa damu. Msomaji asiyekula nguruwe asitegemee macho. Kile cheupe kilichopakwa juu ya mkate na kunyunyiziwa vitunguu, mtu wa haraka atakidhania siagi, kumbe ni Schmalz, mafuta ya nguruwe. Liptauer ndiyo salama yako. Na kwa asiyekunywa kileo ipo Traubensaft, juisi ya zabibu, ambayo nyumba nyingi huikamua kutoka mashamba yaleyale. Hili nalitaja kwa uzito kwa sababu nimesafiri na watu wa Pwani waliodhani sura ya kitabu kama hii haiwahusu. Heuriger ni ua wa nyumba ya mtu. Watoto wanakimbizana kati ya meza, bibi anafuma, wazee wanacheza karata, na hakuna anayechungulia kilichomo kwenye glasi ya mwenzake.

Grinzing nitaipita haraka. Ndicho kitongoji maarufu kuliko vyote, tramu namba 38 inafika hadi hapo, na mabasi ya watalii yamekijua kwa miongo mingi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na Grinzing imesifiwa sana. Kuna nyumba nzuri bado, kuna muziki wa Schrammel pia, uliopewa jina la ndugu Johann na Josef Schrammel waliounda kikundi chao mwaka 1878 wakitumia fidla mbili na gitaa, ila muziki unaokuja mezani pako ukiwa na kofia ya kukusanyia sarafu si lazima uwe ule waliouacha wao. Pale jirani Heiligenstadt ipo nyumba aliyokaa Beethoven mwaka 1817, nayo leo inauza mvinyo. Mvinyo wake si mbaya hata kidogo, lakini nusu ya wanaoketi humo wamemfuata Beethoven. Nikiwa na jioni moja tu huvuka mto kwenda Stammersdorf, kwenye njia ya maghala ya mvinyo yaliyochimbwa kilimani, au hupanda Nussberg kwa miguu mwisho wa wiki wakati wa kiangazi, wakulima wanapoweka meza katikati ya mizabibu na mji mzima uko chini ya miguu yako.

Mwaka 1985 sifa ya mvinyo wa Austria ilivunjika ndani ya wiki chache. Iligundulika kwamba baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakitia dietileni glikoli, kemikali inayotumika kwenye vimiminika vya kuzuia injini kuganda, ili mvinyo mwepesi uonekane mtamu na mzito. Nchi kadhaa ziliufungia mlango, mauzo ya nje yakaporomoka, na bunge likapitisha mwaka uleule sheria kali ya mvinyo. Wapo wanaoisimulia kashfa hii kama kisa cha wahalifu wachache. Mimi naisoma zaidi kama kisa cha umbali. Mvinyo ule ulikuwa bidhaa ya tani, unasafiri kwenye matangi kwenda kushindania bei kwenye maduka makubwa ya nchi nyingine, na anayeunywa hana njia ya kumfahamu aliyeutengeneza. Mkulima wa getini hana malaika zaidi kuliko mfanyabiashara wa tangi. Anachokuwa nacho ni jirani anayekaa benchi lilelile kila wiki na atakayemwambia usoni kwamba safari hii umeharibu.

Nikiwa huko mawazo hunipeleka Dodoma. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Austria hulisikiliza kama hadithi, kwani mizabibu yake hulala miezi yote ya baridi. Lakini mkulima wa Hombolo au Mpunguzi kwa kawaida huuza tunda, si mvinyo. Anasubiri gari la mnunuzi, na gari likichelewa, zabibu haisubiri. Thamani inayopatikana tunda linapogeuka kuwa glasi huenda kwa mwingine. Yule wa Stammersdorf mwenye hekta chache anaendelea kuwepo kwa kuwa glasi anaimimina mwenyewe na fedha inaingia mfukoni mwake usiku uleule. Kwa hiyo nikisikia mipango ya utalii wa mvinyo Dodoma, ya hoteli na majengo ya vioo, huuliza mwenye ekari mbili atapewa ruhusa gani getini kwake, na kwa ada ya shilingi ngapi.

Waraka wa 1784 ulizaa watoto wengine pia. Juu ya bandari ya Trieste kuna nyanda za mawe ya chokaa zinazoitwa Karst, zenye vijiji ambavyo wengi wa wakazi wake huzungumza Kislovenia ingawa wako Italia. Huko nyumba ya mkulima anayeuza mvinyo huitwa osmiza, na jina linatokana na siku nane ambazo zamani aliruhusiwa kuuza. Leo huruhusiwa zaidi, lakini bado kwa vipindi, na ufuatiliaji wake ni raha ya aina yake: kwenye njia panda utaona fungu la majani mabichi limefungwa kwenye mti au nguzo, chini yake mshale mwekundu wa mbao. Unafuata. Njia panda nyingine, fungu jingine, mshale mwingine, hadi unaingia ua wa mtu wenye meza za mbao na, ukibahatika, bahari ya Trieste yote mbele yako. Vinavyouzwa vinahesabika kwa vidole: mayai ya kuchemsha, paja la nguruwe lililokaushwa, soseji, jibini, mkate, mvinyo mweupe wa Vitovska au Malvasia, na mwekundu wa Terrano, mweusi kama wino, mkali hasa, unaotokana na udongo mwekundu wenye chuma. Terrano ukiunywa peke yake utakunja uso. Uwe na kipande cha nyama yenye mafuta mkononi ndipo uuhukumu. Anayekwenda kwa basi aulize basi la mwisho la kurudi mjini kabla hajaagiza chochote, kwa kuwa vijiji hivyo hulala mapema.

Mjini kwenyewe, ambako hakuna shamba nyuma ya nyumba, mambo hubadilika, na swali langu la mwanzo linahitaji kuulizwa kwa namna nyingine. Baa ya mvinyo ya mjini inauza chupa za watu kwa glasi, na adui yake ni hewa. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi sita za mililita 125. Ikishafunguliwa, saa inahesabu. Mvinyo mwingi mweupe hupoteza uhai ndani ya siku mbili tatu, na mwekundu mwepesi vivyo hivyo. Wenye biashara wengi hupanga bei ya glasi ya kwanza iwe karibu na ile waliyoilipia chupa nzima, ili hata zilizobaki zikimwagwa wasiingie hasara. Ndiyo maana glasi ni ghali, na ndiyo maana mtu asiye na aibu huuliza chupa hii imefunguliwa lini. Mhudumu mzuri hakasiriki nikimuuliza. Humimina tone nionje. Kibao chenye mvinyo minane inayobadilika kila wiki, katika chumba kilichojaa watu, kinanipa imani kuliko kitabu chenye mvinyo sitini kwa glasi katika chumba kitupu.

Kipo kifaa kilichopunguza tatizo hili, Coravin, kilichoingia sokoni mwaka 2013. Sindano nyembamba hupenya kizibo, mvinyo unatoka, na nafasi yake inajazwa na gesi ya argoni isiyouharibu. Kwa msafiri maana yake ni kwamba chupa ambayo asingethubutu kuinunua nzima anaweza kuionja kwa kipimo kidogo. Ukikiona kaunta, uliza wana nini. Na walioko Uingereza wakumbuke kwamba sheria huko imepanga vipimo: mililita 125 au 175 na vizidisho vyake, na mwenye baa anatakiwa awe na kile cha 125. Usipokitaja utaletewa kikubwa. London ipo Gordon's, karibu na mto Thames, inayojitambulisha kuwa imefunguliwa mwaka 1890. Haiuzi bia wala pombe kali, ni mvinyo tu, chini ya dari za matofali zilizo chini kiasi cha kumfanya mtu mrefu atembee kama anayeingia pangoni.

Suluhisho la zamani zaidi la hewa nililionea Jerez, kusini mwa Hispania, kwenye vilabu vinavyoitwa tabanco. Hapo mvinyo wa sheri humiminwa moja kwa moja kutoka pipani, na katika baadhi ya kaunta deni lako bado huandikwa kwa chaki juu ya mbao mbele yako. Vilipungua sana mwishoni mwa karne iliyopita, vijana walipokimbilia bia, kisha katika miaka ya karibuni vimerudi kwa kishindo. El Pasaje, kilichofunguliwa mwaka 1925, hujaa kuanzia saa nane mchana. Fino, sheri ya rangi hafifu, hukomaa chini ya utando wa hamira unaoelea juu yake na kuikinga na hewa, kwa hiyo utando ukiondoka nayo huchoka haraka. Nyumbani chupa ya fino iliyofunguliwa ni ya kumaliza upesi. Katika tabanco yenye wateja pipa halipati nafasi ya kuchoka. Oloroso imezeeshwa bila utando, hewa imeshafanya nayo kazi kwa miaka, haina cha kuogopa. Amontillado ilianzia huku ikaishia kule.

Anza na fino, halafu amontillado, oloroso iwe ya mwisho. Ukigeuza mpangilio fino itakuwa maji mdomoni. Glasi ni ndogo kwa sababu ya maana, kwani fino ina kileo cha takriban asilimia 15 na hizo nyingine zaidi ya hapo. Siku za flamenko fika mapema. Kaunta hujaa, na asiyepata mahali pa kuegemeza kiwiko husikiliza akiwa amesimama barabarani.